CD ya Kuamsha Mashine

Mwezi wa sita uliopita nilipita Masasi kwa basi katika shughuli zangu, na dirisha la abiria mwenzangu lilikuwa wazi. Tulipoanza kupita kwenye mikorosho, harufu ya salfa ikaingia. Wasioijua huniambia inanuka kiberiti. Haya, iwe kiberiti, lakini kiberiti hakikai kooni mpaka jioni, wala hakibaki kwenye kanga iliyofuliwa na kuanikwa juani. Abiria mwenzangu alifunga dirisha kwa kishindo, akalaani wanaopulizia miti karibu na barabara. Nilitamani kumwambia alifungue tena. Nikanyamaza, maana macho yalishanilowa na sikutaka maswali ya mtu nisiyemjua.

Wenzangu wa rika langu mnazikumbuka CD. Watoto wetu wakizikuta kabatini wanajitazamia sura humo, kisha wanauliza zilikuwa za kazi gani. Sisi tulizitazamia harusi za watu, tukasikilizia muziki, na zilipokwaruzika bibi zetu walizitundika kwenye mbaazi ziwatishe ndege. Mimi ninayo ya kwangu moja kichwani, haikuwa na wimbo hata mmoja. Msinicheke nikisema kwamba CD hiyo ndiyo iliyoamua nilelewe na nani.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado naomba kubebwa. Mdogo wake, Somoe, akanichukua. Alikuwa binti mbichi, hajaolewa, hana mtoto, na alikuwa mchapaji wa muda katika shule moja ya sekondari pale Newala. Tulikaa chumba kimoja cha kupanga, kitanda kimoja, ndoo zimejipanga ukutani kwa sababu maji ya Newala nyakati zile yalikuwa habari ya kuamkia alfajiri. Nilimpenda kuliko kitu chochote. Usiku nilikuwa nashika pindo la kanga yake nikilala, na yeye akijigeuza anaigeuza kanga pamoja nami, bila kunitoa mkono.

Lakini kwetu mtoto wa dada ana mjomba, na mjomba ndiye mwenye kauli. Wangu alikuwa Mjomba Bakari wa Chilangala, kaka yao mkubwa, mpulizaji wa mikorosho ambaye watu walimfuata kutoka mbali kwa kuwa mti aliopuliza yeye haukupata ubwiri, ule ukungu mweupe unaoua maua. Mtu mzito wa maneno. Aliruhusu nikae Newala na nisome huko kwa sharti moja, na alilisema mbele yangu kama vile sina masikio. "Mtoto atakaa na wewe, Somoe, maadamu una kazi. Siku kazi ikiisha, anarudi Chilangala. Sitaki mtoto wa marehemu alale njaa mjini kwa sababu ya ubishi wako."

Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo sasa. Wakati ule nilimwogopa mpaka nilikuwa namwamkia nikiwa nimeshaanza kurudi nyuma.

Basi ikawa likizo ya mwezi wa sita, majira ya kupulizia. Ile shule ilikuwa na shamba lake la mikorosho nyuma ya madarasa, na Mjomba ndiye aliyeajiriwa kulipulizia. Alianza kukiwa na umande, upepo umelala, na mashine yake mgongoni ikinguruma hadi kwetu. Mama mdogo alikuwa ofisini tangu mapema kuanza kuchapa mitihani ya kufungulia shule. Akaiwasha kompyuta, akaiacha ijivute, maana ilikuwa mkongwe na ilichukua muda wake kuamka, akakimbia kupanga ndoo zetu kwenye foleni ya bomba. Aliporudi aliikuta imezima. Akaiwasha. Kioo kikabaki cheusi, na juu kabisa mstari mmoja wa Kiingereza ukisema hakuna cha kuanzia.

Alijaribu tena na tena, mpaka Mkuu wa shule akaingia. Mkuu alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na upole ule ndio uliotisha.

"Jana ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima, Mkuu. Hata leo asubuhi iliwaka."

"Nani mwingine anaigusa?"

"Hakuna, Mkuu. Mimi tu."

"Basi ni wewe." Akafungua dirisha, akalifunga. "Shule ikifunguliwa nataka mitihani ipo mezani. Isipokuwepo, nitatafuta mchapaji mwingine. Usinielewe vibaya, binti. Nina wanafunzi."

Mama mdogo alinisimulia maneno hayo jioni akipepeta mchele, na mkono wake haukusimama. Mimi nilishaelewa kabla hajamaliza. Mashine isipoamka, kazi hakuna. Kazi isipokuwepo, narudi Chilangala. Habari kama hizo hazihitaji simu, na keshoye salamu za Mjomba zilitufikia kwa mwendesha bodaboda: asubuhi ya kufungua shule atakuja, mizigo ya mtoto iwe tayari.

Mkuu alikataza mashine isitoke ofisini, akasema ni mali ya shule. Kwa hiyo tulishuka Masasi mikono mitupu, kwenda kwa fundi ambaye asingeiona. Fundi Oswadi alikuwa mtu wa Lisekese aliyesoma na Mama mdogo sekondari, naye alikuwa na kibanda cha kompyuta na fotokopi chini ya kilima cha mawe, jirani na stendi. Mchana jiwe lile linarudisha joto kibandani kana kwamba umekaa mgongoni mwa jiko. Mlikuwa na harufu ya wino wa fotokopi, nyaya za moto, na chapati za mama aliyekuwa nje na karai lake.

"Si nikupigie window tu, dada?" alisema Fundi Oswadi. "Watu wote wanapiga window."

"Unayo itakayokaa kwenye mashine ile?"

Akamuuliza sifa za ile mashine. Mama mdogo alijibu akiwa amefumba macho, kama anayemtaja mtu aliyepotea alivaa nini. Inasoma CD, haisomi DVD. Flashi haiitambui mpaka iwe imeshawaka. Kumbukumbu yake ndogo, ndogo sana. Mtandao haina, wala Newala nzima hakuna wa kutegemea. Fundi Oswadi akapuliza mashavu. Akasema window mpya itaikaba roho, ya zamani hana, iliyobaki ni Linux, programu nyingine ya kuendeshea kompyuta, ya bure. Nayo Linux aliyokuwa nayo, aliyoinakili kutoka kwa wenzake chuoni, ilikuwa kubwa ya kujaa DVD nzima. Iliyo ndogo ya CD inataka mtandao ili ijikamilishe.

"Kwa hiyo?" Mama mdogo akauliza.

"Kwa hiyo tutengeneze ya kwetu. Ndogo. Ina kile kinachoamsha mashine, ina msingi, ina pa kuandikia, ina cha kuiongoza printa. Basi. Umeme wenu wa kule naujua, dada. Ikiwa ndefu, umeme utakatika katikati na tutakuwa tumefanya nini?"

Wakaanza. Hapo ndipo mimi nilipoingia matatizoni, na hakuna aliyejua. Nilikuwa nimekaa juu ya boksi la karatasi, nyuma yao. Kwenye kioo kulikuwa na orodha ndefu ya majina ya programu, na Fundi Oswadi akayapitia moja moja, akimweleza Mama mdogo kila moja ni la nini, na yeye anaamua.

"Hii ni ya kusikiliza muziki."

"Toa."

"Hizi picha za kupambia kioo."

"Toa."

"Michezo."

"Toa yote."

"Hii nzuri, ya kuwafundishia watoto wadogo hesabu na rangi."

Mama mdogo alisita kidogo. Nilimwona mgongo wake. "Toa," akasema.

"Unaumia, eh?" Fundi Oswadi akacheka. "Ndivyo ilivyo, dada. Ukitaka isimame, ibebe kile tu ambacho bila hicho haiwaki. Mengine yote ni mzigo, hata kama unayapenda."

Mtu mzima angesikia ushauri wa fundi. Mimi nilisikia hukumu yangu. Niliwaza kwamba Mama mdogo hakuwa na mume, wala shamba, na kazi yenyewe ilikuwa ya kushikilia kwa kucha. Angekuwa peke yake angelala popote, angekula muhogo mmoja, angehamia hata Mtwara kutafuta kazi nyingine. Mimi nilikuwa sare ya shule, viatu, sahani ya pili, ndoo ya ziada. Nikajitazama nikaona mimi ni ile ya watoto, ya hesabu na rangi. Anaipenda, na ameitoa.

Nikaanza kujipunguza. Mama wa chapati alipoletewa agizo la mbili, nilisema nimeshiba. Soda niliikataa. Nikakunja miguu juu ya lile boksi nisichukue nafasi, nikahema polepole. Mama mdogo akageuka akanigusa shingo kwa kiganja.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona huli?"

"Sina haja."

Alinitazama kwa muda, kisha kioo kikamwita, akageuka. Nilifurahi kwamba sijaleta gharama, na papo hapo nikataka kulia kwa sababu hakuendelea kuuliza. Mtoto ni kiumbe wa ajabu.

Walipomaliza kupunguza, Fundi Oswadi akaweka CD tupu, akaichoma, yaani akazinakili programu zile ndani yake. Ilikuwa inanguruma kwa sauti ya nyuki, tukaisikiliza kama mgonjwa. Ikatoka ya moto. Akaenda kuijaribu kwenye mashine moja kuukuu aliyoiweka pembeni kwa vipuri. Mashine ikaizungusha, ikaitazama, ikasema hakuna cha kuanzia. Maneno yale yale ya Newala. Mama mdogo alikaa chini.

Fundi Oswadi alijipiga paji la uso. "Mimi mjinga. Nimeichoma kama nyimbo. Vitu vyote vimo ndani, ila sikuiwekea mahali pa mashine kushikia ili iamke. Imepewa nyumba isiyo na mlango." Akatafuta kwenye droo, akatafuta chini ya meza, akapindua boksi. CD tupu ilibaki moja, na ilikuwa Jumamosi jioni, maduka yenye vitu hivyo yamefungwa. Jumatatu shule ilikuwa inafunguliwa.

Safari hii alifanya pole pole. Alikitengeneza kile kipande cha kuamshia, akakipachika mwanzo kabisa, akamwonyesha Mama mdogo kilipo ili aelewe, akahakiki, akahakiki tena. Ndipo akaiweka CD na kubonyeza. Ikaanza kunguruma. Haikufika mbali, taa ikafifia. Ikarudi. Ikafifia tena, na kioo kikatetemeka.

"Yule wa mageti!" Fundi Oswadi akapiga kelele. Jirani kulikuwa na mchomeleaji, na kila alipogusisha chuma umeme wa mtaa mzima ulikuwa unainama. "Dada, kimbia! Mwambie aache! Umeme ukikatika tumeiharibu!"

Sikuwahi kumwona Mama mdogo akikimbia mjini. Alikimbia na kanga ikamtoka kiunoni, akaiacha palepale vumbini, akasimama mbele ya cheche kwa mikono miwili. "Baba, shikamoo! Nakuomba! Nakuomba kwa ajili ya Mungu, acha kidogo!"

Mzee akainua ile miwani yake nyeusi. "Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna, baba. Ni CD."

Hata sasa nashangaa kwamba hakucheka. Pengine uso wake ulitosha. Alizima mashine yake, akaketi juu ya geti. Akamwambia na kinyozi wa pili yake azime, na kinyozi akazima, akiwa na mteja ambaye nusu ya kichwa ilikuwa tayari na nusu bado. Yule mteja akatoka nje na shuka lake shingoni, akaungana nasi mlangoni. Tukasimama wote, mzee wa mageti, kinyozi, mteja na mama wa chapati, tukisikiliza mngurumo ule. Mimi niliokota kanga ya Mama mdogo, nikaikung'uta, nikaikumbatia.

CD ikatoka. Fundi Oswadi akaipeleka kwenye ile mashine kuukuu. Ikazunguka, ikatulia. Kisha mistari myeupe ikaanza kupanda kwenye kioo, mingi, haraka, na yule mteja wa nusu kichwa akapiga makofi. Mama mdogo hakupiga makofi. Alikuwa ameshika kalamu akijichora mkononi maswali ambayo mashine itamuuliza na majibu yake, kwa sababu kule Newala hakutakuwa na fundi. Fundi Oswadi akampa na bisibisi ndogo, pamba na spiriti kidogo. "Isiposoma, jua jicho lake lina uchafu. Ufute taratibu."

Jumapili tulirudi Newala tukakuta ofisi imefungwa. Asubuhi ya Jumatatu niliamka nikafunga vitu vyangu mwenyewe kwenye kitenge. Mama mdogo alikuwa ameshatoka. Sikuona ubaya. Nilijua ninatolewa, na nilitaka nitoke vizuri, bila kumsumbua kunifungia mzigo. Mjomba alipofika na bodaboda aliukuta mlangoni.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Umefunga mwenyewe?"

"Ndiyo."

Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake. "Tupite shuleni ukamuage mama yako mdogo," akasema.

Ofisini tulimkuta Mkuu amesimama dirishani mikono nyuma, na Mama mdogo amepiga magoti mbele ya mashine. Wanafunzi walikuwa wanaimba mstarini. CD ilikuwa imeingia na haisomi. Mashine ilikuwa inaivuta, inaikwaruza, inakata tamaa, na mstari ule ule unarudi. Mama mdogo hakutusalimia. Jasho lilikuwa limemshuka hadi kwenye maandishi ya mkono wake, na majibu yalikuwa yanaanza kupotea.

"Mtihani wa kwanza ni saa nne," alisema Mkuu, kwa upole.

Mama mdogo akachukua bisibisi. Akafungua ubavu wa mashine, akalegeza kisomeo cha CD, akakivuta nje. Akakiinamisha ili alione lile jicho, na unga wa njano ukamwagika mapajani mwake.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nini. Ile harufu ilijaa chumba kizima. Mkuu aliinama, akagusa kwa kidole, akanusa.

"Hii si salfa?"

"Ni salfa," alisema Mjomba. Na alisema kwa fahari, hilo ndilo sitalisahau. "Itakuwa yangu."

Wote tukamgeukia.

"Somoe alikuwa analalamika kila siku," akaendelea Mjomba. "Vumbi, kaka, vumbi jekundu litaiua mashine. Nami siku ile nimemaliza mikorosho yenu, napita hapa, dirisha liko wazi, yeye ameenda bombani. Nikasema ngoja nimsaidie dada yangu. Nikamwaga unga wote wa bomba langu la kupulizia, nikabakiza upepo mtupu. Nikaipuliza. Mbele, nyuma, na kwenye yale matundu. Vumbi lilitoka, Mkuu, ungeliona! Wingu!"

"Ikiwa imewaka?" Mkuu aliuliza.

"Imewaka. Ikazima yenyewe. Nikajua imepumzika."

Kule nje wimbo ulikwisha. Nilimwona Mjomba anaanza kuelewa, na ilikuwa inamjia polepole, kutoka kwenye uso wa Mkuu, kwenda kwenye ule unga, kwenda kwenye mgongo wa dada yake uliopiga magoti. Mpulizaji yeyote wa kwetu anajua kwamba kwenye bomba la mashine ile unga hauishi, hata uikung'ute namna gani. Yeye alijua kuliko wote. Alichokuwa hajawahi kufikiri ni kwamba kompyuta si mti.

Nilingoja Mama mdogo aseme. Kama ungekuwa wewe ungesema: kaka, umeniua, umeniharibia kazi halafu umekuja kunichukulia mtoto. Alikuwa na haki ya kulisema mbele ya bosi wake, ajitoe lawamani. Lakini mtu hamvunjii kaka yake mkubwa heshima mbele ya mgeni, si kwetu. Akachukua pamba, akailowesha spiriti.

"Ahsante kaka," akasema. "Nilikuwa sijajua kwamba ulipita."

Akafuta lile jicho. Alilifuta kama unavyomfuta mtoto mchanga tongotongo, kwa ncha ya pamba, akabadilisha pamba, akafuta tena. Akarudisha kisomeo, akatia CD. Ikazunguka. Ikakwaruza. Nilikuwa nimeshika mlango kwa mikono miwili. Kisha mistari myeupe ikaanza kupanda.

Mashine ikauliza, yeye akasoma mkono wake, akajibu. Ikauliza tena. Ilipofika swali la kufuta kila kitu kwenye diski alisimama, kidole juu ya kitufe, kwa sababu kwenye mkono jasho lilikuwa limelifuta jibu lile kabisa. Akamtazama Mkuu. Mkuu akamtazama yeye, wote wawili hawajui. Mama mdogo akafumba macho kama siku ile ya Masasi, akabonyeza.

Ikaendelea. Taa ya dari ilififia mara nyingi na kila mara sisi wote tuliitazama, na ikarudi. Mjomba alikuwa amesimama pale pale, hajakaa. CD ikajitoa yenyewe. Mashine ikazima, ikawaka. Kioo kikabaki cheusi, na kwenye kona kialama kimoja kinapepesa.

"Mbona giza?" Mkuu aliuliza.

"Ndivyo ilivyo, Mkuu. Haina mapambo. Inaandika tu."

"Haya, andika."

Akaandika. Printa ikalalamika, ikaguna, ikavuta karatasi. Mkuu aliipokea ikiwa bado ya moto, akaisoma kwa sauti. "Mtihani wa Kiswahili. Jibu maswali yote." Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Herufi zimekaa," akasema. "Endelea, Somoe. Saa nne inakuja. Habari ya mchapaji mwingine tusiijadili tena."

Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza. Alikuwa hatazami pembeni, anakimbizana na muda, na mimi nilimwona jinsi alivyo mwepesi sasa, mashine yake inafanya kazi, kazi yake imerudi, kila kisichohitajika kimetoka. Sikutaka kumsimamisha kwa kumuaga. Nilitoka taratibu, nikapita kwenye kivuli cha jengo, nikapanda bodaboda nyuma ya mzigo wangu, nikashika chuma. Yule dereva akaniuliza kama tunaondoka, nikamwambia ndiyo, akapiga teke la kuwashia.

Mjomba akatoka. Alinikuta nimeshakaa. Alitazama mzigo, akanitazama mimi, akaitazama mikono yake, aliyokuwa ameipaka unga ule wa njano bila kujua, kwa kuokota pamba sakafuni. Nilidhani atapanda. Akamwashiria dereva azime. Akarudi mpaka dirisha la ofisi, lile lile, akasimama nje yake.

"Mama Rehema," akaita.

Sauti ya kuchapa haikukoma. Rehema ni mimi. Hakuna mtu aliyewahi kumwita Somoe kwa jina langu. Mama Rehema alikuwa marehemu, na Mjomba mwenyewe alikuwa amelizika jina hilo na dada yake, mtu akilitaja yeye alikuwa anatoka barazani. Kwa hiyo ndani ya ofisi hakuna aliyejua anaitwa nani.

"Mama Rehema!" akaita kwa nguvu, Mkuu akatoa kichwa, wanafunzi wakageuka. "Njoo umteremshe mtoto wako kwenye pikipiki. Mimi mikono yangu michafu."

Kule ndani vidole vilisimama. Halafu nikaisikia sauti ya Mama mdogo, nyembamba.

"Abee, kaka. Nakuja."

Miguu yangu ilikuwa inafika chini. Ningeweza kuteremka mwenyewe. Nilibaki juu pale pale, nimeshika chuma, nikamsubiri mama.